"Ni maneno tu": dhana potofu kuhusu lugha ya siasa Kenya

Dhana: Madoadoa ni neno la kawaida, anayelalamika anatafuta kiki.

Ukweli: Kwenye kamusi sawa, chui ana madoadoa. Lakini huko Bonde la Ufa watu walilisikia miaka ya 90, kwenye vurugu za kikabila zilizozunguka uchaguzi wa 1992, na aliyekuwa anaitwa doa ni jirani wa kabila lingine mwenye shamba hapo kando. Likarudi tena 2007. Sasa Januari 2022 Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, anapanda jukwaani Eldoret, mji wa Bonde la Ufa hiyo hiyo, anawaambia watu waondoe madoadoa, kesho yake anakamatwa, baadaye anaomba msamaha. Sitaki kubishana kuhusu nia yake. Mama aliyechomewa nyumba kule Burnt Forest, karibu na Eldoret, hana mashine ya kupima nia ya mtu, yeye anasikia neno lile lile, mahali pale pale, mwaka wa uchaguzi tena, anaanza kuuliza watoto wako wapi na title deed iko wapi. Na Oktoba mwaka huo huo mheshimiwa akateuliwa waziri wa kilimo, kwa hivyo msiniambie neno kama hilo lina gharama kwa anayelisema.

Dhana: Basi dawa ni kupiga maneno marufuku.

Ukweli: NCIC, tume ya mshikamano na utangamano wa kitaifa, walijaribu Aprili 2022, wakatoa orodha yenye madoadoa, kwekwe, mende, na hapo nawaunga mkono kabisa manake mtu akishaitwa mende kinachofuata ni kukanyagwa. Shida ni kwamba humo humo wakatia "sipangwingwi" na "hatupangwingwi", sheng ya vijana tu, ati sipangiwi maisha, wimbo ulikuwa unapigwa hadi kwenye matatu, ila kampeni ya urais ya William Ruto, wakati huo Naibu Rais, ilikuwa ishaushika. Watu wakaona tume imechagua upande, na hata yale maneno hatari kweli yakaanza kuonekana ni siasa. Alafu sheria yenyewe ya 2008, ile ya mshikamano na utangamano wa kitaifa, haikuandika orodha, kifungu cha 13 kinaangalia nia ya msemaji, au kama kwa mazingira yalivyo kuna uwezekano wa kuchochea chuki ya kikabila, adhabu ni faini isiyozidi milioni moja au jela hadi miaka mitatu au vyote viwili.

Dhana: Silaha ni matusi pekee.

Ukweli: Hustler, yaani mtu anayejitafutia mwenyewe, lilikuwa neno la kampeni ya Ruto 2022, si tusi hata kidogo, na lilifanya kazi kuliko tusi lolote. Ukishagawa nchi kati ya hustler na dynasty, yaani watoto wa familia za watawala, hakuna anayekuuliza umefanya nini ukiwa Naibu Rais tangu 2013, swali linakuwa baba yako alikuwa nani.

Dhana: Serikali ikitumia neno zito hiyo ni lugha ya sheria, si siasa.

Ukweli: Usiku wa 25 Juni 2024, baada ya Bunge kuvamiwa kwenye maandamano ya vijana ya kupinga Mswada wa Fedha, Rais Ruto alisema wahalifu wameteka maandamano na yaliyotokea ni uhaini. Uhaini Kenya adhabu yake ni kifo, si neno la kurusha kwenye runinga usiku, na likisharushwa halichagui nani alivunja mlango na nani alikuwa barabarani na bendera na chupa ya maji. Kesho yake Rais huyo huyo akasema hatasaini mswada huo. Vijana waliolala wakiitwa wahaini waliamka wamesikilizwa, ila lile neno hakuna aliyelirudisha.