Taa ya kijani haimaanishi betri imejaa

Pale Katwe, Kampala, malalamiko ni yale yale: chaja iliwaka kijani baada ya dakika kumi, na betri ya sola ikazima kabla ya saa tatu usiku. Mwenye betri anaamini kijani ni kujaa.

Chaja haioni ndani ya betri. Taa ya chaja nyingi za betri za asidi za volti 12 hufuata mkondo wa umeme unaoingia. Betri ikikaribia kujaa mkondo hupungua, ukishuka vya kutosha taa hubadilika. Lakini mkondo hupungua pia waya ukikatikia ndani ya mpira wake, vichwa vya betri vikiota ukungu mweupe, au bamba za risasi zikishikwa na salfeti, utando mgumu unaozuia umeme. Kwa chaja ni mamoja: umeme hauingii. Iwashe bila betri uone, nyingi zitakupa kijani hicho hicho.

Shika mita ya volti. Chaja ikiwa inafanya kazi, pima kwenye vibanio vya chaja, kisha kwenye vichwa vya betri vyenyewe. Vibanio vikisoma 14.4 na vichwa 12.3, mguso ni mbovu, sugua. Zikilingana, chomoa, acha saa kadhaa, pima tena: iliyojaa husoma kama 12.6 au 12.7, na ya 12.0 imekaribia kuisha. Halafu washa balbu ya gari kwa betri hiyo, mita ikiwa bado imeshikwa kwenye vichwa. Volti zikiporomoka chini ya 10.5 mara moja, betri ndiyo imekufa, na fundi aliyekwisha kung'oa dayodi, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja, ndani ya chaja (mafundi hao wapo wengi, jamani) amekulia pesa bure.