Nta bila nyangumi: dhana potofu kuhusu vimeng'enya na ukweli wake

Nta iliyokuwa ikitolewa kwa nyangumi sasa inaweza kutengenezwa kwa vimeng'enya, yaani vichocheo vya kikemia vinavyotengenezwa na viumbe hai, lakini dhana potofu kuihusu ni nyingi. Wengi hudhani kwamba nta ni mafuta yaliyoganda tu. Sivyo. Mafuta ya kupikia ni gliseroli iliyoshikana na asidi tatu za mafuta, ilhali esta ya nta ni asidi moja iliyoungana na alkoholi moja ya mnyororo mrefu wa kaboni, na ile ya mbegu za jojoba hubaki kimiminika katika joto la kawaida. Sifa zake za kulainisha zilichangia kuwindwa kwa nyangumi, hasa yule aitwaye kwa Kiingereza sperm whale, ambaye kichwa chake kina nta ya aina hiyo.

Dhana nyingine ni kwamba vimeng'enya hufanya kazi majini tu. Mwaka 1984, watafiti Zaks na Klibanov walionesha kuwa lipasi (kimeng'enya kinachovunja mafuta) ya kongosho la nguruwe hufanya kazi ndani ya kiyeyushi kisicho maji, hata katika joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Katika utengenezaji wa nta kwa lipasi, maji hasa ndiyo kikwazo: kila esta inapoundwa, molekuli moja ya maji hutoka, na maji hayo yakiachwa yajikusanye, lipasi ileile huanza kuivunja esta iliyoiunda. Ndiyo maana hewa na mvuke hufyonzwa kutoka kwenye tangi muda wote kazi inapoendelea. Kurekebisha kimeng'enya huongeza kasi na uimara wake, lakini hakuondoi kanuni hiyo ya kikemia.

Wapo pia wanaohofia kwamba nta hiyo ina kiumbe hai. Kimeng'enya ni protini. Hakizaliani, na mara nyingi hunatishwa kwenye chembe ndogo ambazo huchujwa na kutumika tena.

Dhana inayopotosha zaidi ni kwamba nta ikitengenezwa kwa kimeng'enya, basi imekwisha kuwa rafiki wa mazingira. Setili palmitati, esta kuu katika nta ya nyangumi, inaweza kutengenezwa kwa asidi na alkoholi zitokanazo na mawese. Kimeng'enya hupunguza matumizi ya joto, lakini hakirudishi msitu uliofyekwa kupisha michikichi. Kwa hiyo naona matumaini makubwa zaidi katika bakteria Acinetobacter baylyi, ambaye hujitengenezea nta ndani ya seli. Kimeng'enya chake cha kuunda nta kilielezwa mwaka 2003 na watafiti Kalscheuer na Steinbüchel, na jeni za aina hiyo zimehamishiwa kwenye chachu na mimea ya mbegu za mafuta. Ugumu uliopo ni kwamba kimeng'enya hicho hupokea minyororo ya urefu mbalimbali na kutoa mchanganyiko wa nta. Hivyo watafiti hubadilisha asidi amino (vijenzi vya protini) chache kwenye mfuko wake wa kupokelea, ili kichague urefu unaotakiwa.