Picha za Kwanza za Miungu ya Misri: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Yasemwayo: Sanamu za Misri zilikuwa kijivu tu, tazama picha za karne ya 19.

Ukweli: Nyingi zilipakwa rangi, hasa za mbao na za mawe ya chokaa. Na tatizo si kwamba picha za rangi hazikuwepo tu. Dawa ya kupigia picha yenyewe ilikuwa na upendeleo. Kuanzia 1851 ilienea kolodioni, dawa ya majimaji yenye kunata: unaipaka kioo, unakichovya kwenye dawa yenye madini ya fedha, unapiga kikiwa kibichi, halafu mbio chumba cha giza kabla hakijakauka. Dawa hiyo huiona buluu vizuri mno, lakini nyekundu na manjano karibu haizioni kabisa. Chukua sanamu ya mbao ya Ptah-Sokar-Osiris, mungu wa wafu, yenye mwili mwekundu na nywele za buluu. Pichani mwili unatoka karibu mweusi, na nywele zimepauka kama mvi. Wanaobishana mitandaoni kuhusu rangi ya Wamisri kwa kuoneshana picha hizi, wapunguze sauti kidogo.

Yasemwayo: Nyuma ya sanamu palikuwa na giza, hivyo picha ilipigwa usiku au kaburini.

Ukweli: Mara nyingi mpiga picha alitundika kitambaa cheusi nyuma ya sanamu. Mwanga wenyewe ulikuwa wa jua. Roger Fenton, aliyepigia British Museum, makumbusho ya London, picha miaka ya 1850, alijengewa chumba cha vioo juu ya paa la jumba hilo. Vilivyobebeka vilipandishwa huko. Sanamu za tani kadhaa ni nani angezipandisha? Hizo zilipigwa zilipo, lenzi ikiachwa wazi kwa muda mrefu, na mgeni aliyepita bila kusimama hakuacha hata kivuli. Ukumbi unaoonekana mtupu si lazima ulikuwa mtupu.

Yasemwayo: Kazi hii ilifanyika Ulaya tu.

Ukweli: Cairo yenyewe ilikuwa na makumbusho katika mtaa wa Bulaq, yaliyofunguliwa 1863 chini ya Auguste Mariette, Mfaransa mtaalamu wa Misri ya kale. Mwaka 1872 ikatoka albamu ya makumbusho hayo, picha zikiwa za Délié na Béchard, Wafaransa waliokuwa na studio mjini humo. Mwaka 1878 Mto Nile ulifurika ukaingia makumbusho, na baadhi ya vitu vikapotea. Kwa anayechunguza hali ya mkusanyo ule kabla ya maji, pa kuanzia ni albamu hiyo.