Alikiba na Kigoma: yanayosemwa na ukweli wake

Mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, asubuhi, akina mama wakianika dagaa na spika ya muuza vocha ikipiga pembeni, ukimtaja mwanamuziki Alikiba utajibiwa kwamba ni mtoto wa hapahapa. Mapenzi hayo nayaelewa, hata mimi namhesabu wetu. Lakini historia yake tunaichanganya mno, na mtu aliyefanya kazi kiasi kile anastahili isimuliwe sawasawa.

Eti alizaliwa Kigoma. Hapana. Alizaliwa Iringa mwaka 1986 na kukulia Kariakoo, Dar es Salaam; Kigoma ni asili ya wazazi wake. Si jambo dogo hili. Vijana wa Ujiji na Mwanga tunawaaminisha kuwa sauti nzuri inatoka kwenye maji ya Ziwa Tanganyika, halafu tunasahau kwamba kuishi karibu na studio, watayarishaji wa muziki na vituo vikubwa vya redio kunambeba msanii. Kipaji Kigoma kipo tele. Studio ndiyo iko mbali.

Linaloniuma zaidi ni lile la kwamba R. Kelly, mwimbaji wa Marekani, ndiye aliyemtoa. Kweli, mwaka 2010 Alikiba alikuwa Chicago katika mradi wa One8, uliokusanya wasanii kutoka nchi nane za Afrika wakarekodi na R. Kelly. Ila hesabu miaka: albamu ya Cinderella ilitoka 2007, Ali K 4Real ikafuata 2009. Aliyepanda ndege ile alikuwa tayari staa Afrika Mashariki nzima, na alifika hapo kwa kuimba R&B ya Kiswahili, kwa ile namna yake ya kuivuta silabi ya mwisho mpaka unahisi analia. Sifa hiyo ni yake na ya watayarishaji wa hapa nyumbani. Kumkabidhi Mmarekani ni dhuluma.

Wengine walimzika mapema. Alipokaa kimya miaka kama mitatu, vijiweni wakasema kafulia. Mwaka 2014 akarudi na Mwana, wimbo uliopigwa kila kona. Mei 2016 akasaini na Sony Music. Mwaka huohuo akapata tuzo ya MTV Ulaya ya msanii bora wa Afrika, ambayo awali ilikuwa imetangazwa kwa Wizkid kabla ya kurekebishwa. Albamu iliyofuata, Only One King, ilitoka 2021.

La mwisho ni hili la mashabiki wa timu mbili: kwamba Alikiba na msanii mwenzake Diamond hawajawahi kusikika kwenye wimbo mmoja. Wamesikika. Ni Leka Dutigite wa Kigoma All Stars, mwaka 2012, pamoja na Mwasiti, Linex, Ommy Dimpoz, Baba Levo na wengine wenye asili ya mkoa huu.