Alhamisi iliyolowa: namba isiyogusa wastani

Jirani yangu, mama mmoja wa huku Kibosho, anafuga ng'ombe mmoja wa zizini, na kila asubuhi huandika daftarini lita alizokamua. Juzi mvua ilivuja jikoni ikalowanisha ukurasa; wino wa Alhamisi ukasambaa, hausomeki. Zilizosalimika ni Jumatatu 9, Jumanne 7, Jumatano 8, Ijumaa 6, Jumamosi 10.

"Mwalimu, Alhamisi niweke ngapi wastani wangu usibadilike?"

Wanafunzi wangu wa darasa la saba hapo Moshi mjini wangeanza kujumlisha mara moja. Siku tano zina lita 40, wastani 8. Siku sita kwa wastani wa 8 ni lita 48. Toa 40, inabaki 8. Jibu ni sahihi, ila wengi hushangaa kuona wamerudi kwenye wastani uleule, na mshangao huo ndio ninaopenda kukaa nao.

Nilimchorea mama mstari kwenye 8. Jumatatu imezidi 1, Jumanne imepungua 1. Ijumaa imepungua 2, Jumamosi imezidi 2. Jumatano imekaa juu ya mstari. Ziada 3, upungufu 3: hakuna anayedaiwa. Siku mpya ikija na ziada itausogeza wastani juu, ikija na upungufu itaushusha. Isiyosogeza kitu ni 8 peke yake.

Zikipotea siku mbili, mambo hubadilika. 8 na 8 zinafaa, 7 na 9 zinafaa, hata 5 na 11, mradi jumla iwe 16. Hapo wastani pekee hauwezi kukuambia ipi ndiyo ya kweli.

Na hata Alhamisi ile moja, 8 haikuwa kipimo. Nilimsihi asiiandike kabla ya kuuliza. Ukijaza kila pengo kwa wastani, wastani hautikisiki, lakini ng'ombe ataonekana anatoa maziwa sawasawa kuliko anavyotoa, na siku ya kushuka, ambayo huenda ni dalili ya ugonjwa wa kiwele, itafunikwa.

Kijana wa bodaboda anayebeba maziwa yake yote alikuwa ameandika Alhamisi: lita 6. Jumla ikawa 46, wastani takriban 7.67.

"Sasa Jumapili ng'ombe anipe lita ngapi nirudi kwenye 8?"

Alhamisi imeacha deni la 2, kwa hiyo 10. Ng'ombe akatoa 9, na mama akaandika 9, kwa penseli safari hii.