Kupiga kambi kando ya Ziwa Victoria: maswali kuhusu kichocho, mbu na jiko la hemani

Likizo inakaribia, na baadhi yenu mnapanga kulala kwenye mahema ufukweni, katika zile kambi ndogo zisizo na umeme wala maji ya bomba. Ni mapumziko mazuri, hasa kwa watoto. Nimejibu maswali yanayoulizwa mara nyingi, na kichocho nimekipa nafasi kubwa kwa sababu ndicho kinachorudi na watu nyumbani bila wao kujua.

Maji yanaonekana masafi kabisa. Kwa nini tusiogelee?

Vimelea vya kichocho havionekani kwa macho. Hutoka ndani ya konokono wadogo wa majini, kisha hupenya ngozi ya mtu katika muda wa dakika chache tu. Huhitaji kuwa na kidonda wala kumeza maji. Kusimama ukiosha vyombo kunatosha. Tena msidanganywe na ufukwe wenye mchanga na mawimbi: katika Ziwa Victoria konokono hawa hawakai kwenye matete peke yake, wako hata kwenye maji ya wazi.

Vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, takriban saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, muda ule ule watoto wanaotaka kucheza majini. Hata hivyo, asubuhi na mapema si kinga. Ushauri wangu ni kuoga kwa ndoo, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyokaa siku mbili kwenye chombo kisafi kisicho na konokono. Kujifuta kwa taulo haraka baada ya kutoka ziwani si kinga ya kutegemea.

Mimi nilishaogelea mwaka jana na sijawahi kukojoa damu. Si niko salama?

Hapana, na hili linawapoteza wengi. Kukojoa damu ni dalili ya kichocho cha kibofu. Kilichozoeleka kwenye fukwe za Ziwa Victoria ni kichocho cha tumbo. Hicho kinaweza kukaa kimya muda mrefu, kisha yakaja maumivu ya tumbo, kuharisha wakati mwingine kwa damu, na baadaye ini na bandama kuvimba. Nenda ukapime choo. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kulingana na uzito. Wale mliowahi kuipata shuleni mnakumbuka kile kijiti cha kupimia urefu, kinachotumika kukadiria dozi pasipo mizani. Inaua minyoo ya kichocho iliyokomaa, lakini michanga haiwezi vizuri. Michanga pia bado haijataga mayai yanayotafutwa kwenye choo, ndiyo maana kupima mara tu mnaporudi safari hakusaidii sana. Subirini wiki sita hadi nane.

Choo cha kambi kinatisha. Tunaweza kwenda vichakani?

Kitumieni hicho hicho, tafadhali. Mayai ya kichocho cha tumbo hutoka na kinyesi, mvua huyasomba hadi ziwani, nayo huangua vimelea vinavyoingia kwa konokono. Mgeni anayejisaidia karibu na maji anamwachia mzigo mtoto wa mvuvi anayechota maji pale kila siku. Ikiwa hakuna choo kabisa, chimbeni shimo la kina cha sentimita 20 hivi, mbali na maji kwa hatua mia moja, mfukie.

Maji ya kunywa je?

Yachujeni kwa kitambaa safi, myachemshe hadi yatokote kwa dakika moja nzima.

Usiku kuna baridi na mbu. Tuingize jiko la mkaa hemani?

Kamwe, hata kama mkaa umebaki makaa tu na moshi umeisha. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala hazinduki kuikimbia. Chukueni mablanketi ya ziada. Kwa mbu, fungeni zipu ya hema kabla ya jua kuzama, vaeni mikono mirefu, pakeni dawa ya kufukuza mbu, na mlale ndani ya chandarua chenye dawa.

Na viboko?

Hutoka majini usiku kula majani. Mwulizeni mwenyeji njia zao kabla ya kusimamisha hema, na msishuke ufukweni gizani. Kuhusu mamba pia, neno la wavuvi wa pale lisikilizeni.

Tumerudi wiki mbili zilizopita, mwanangu ana homa. Ni uchovu wa safari?

Mpeleke kituo cha afya leo, usisubiri kesho. Malaria huanza kuonekana siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo wiki mbili ni muda wake hasa. Mwambie mhudumu kwamba mtoto alilala kando ya ziwa na kama aliingia majini. Homa yenye kikohozi na upele unaowasha, wiki chache baada ya kuogelea, inaweza pia kuwa kichocho kinachoanza, na kipimo cha malaria peke yake hakitakionyesha.