Homa ya kupe na mwenye selimundu aliye Marekani

Ninatibu magonjwa ya kuambukiza kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kiangazi kikiingia, ndugu zangu wenye selimundu mnaoishi Massachusetts, Connecticut au Maine, ninyi ndio mnaonitia wasiwasi zaidi.

Homa ninayoizungumzia husababishwa na babesia, vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe; wafugaji wa kwetu wanaijua kwa ng'ombe anayekojoa mkojo mwekundu. Huku ipo aina inayowapata watu, Babesia microti, inayotunzwa na panya wa porini na kuenezwa na kupe. Kupe mchanga wa mwezi Juni ni mdogo kama mbegu ya mchicha, kwa hiyo wengi hawakumbuki kuumwa.

Mwenye afya anaweza asihisi lolote. Bandama yake huchuja chembe nyekundu zilizovamiwa na vimelea. Taarifa ya kwanza ya babesia kwa binadamu, mwaka 1957 kutoka Yugoslavia, ilimhusu mtu aliyekwishaondolewa bandama, naye alifariki. Selimundu huiua bandama taratibu tangu utotoni bila kisu cha daktari, ndiyo maana wengi hawajui kwamba hawana tena kinga hiyo. Walio kwenye rituximabu, dawa inayopunguza kinga ya mwili, kwa saratani ya tezi za limfu au baridi yabisi nao wamo hatarini.

Kipimo cha haraka cha malaria hakiioni. Kwenye hadubini, vimelea ni vipete ndani ya chembe nyekundu, vinafanana mno na malaria. Mimi hutafuta vinne vilivyoungana kama msalaba, na hutazama kama ile rangi ya kahawia inayoachwa na malaria haipo.

Dawa ni atovakwoni pamoja na azithromaisini, siku 7 hadi 10 kwa wengi. Kwa mwenye kinga dhaifu ni angalau wiki 6, na katika wiki 2 za mwisho damu ionekane safi. Homa hushuka mapema, mgonjwa akadhani amepona akaacha vidonge. Vimelea vilivyobaki huzaliana upya, na safari hii huenda dawa zisivitishe. Vikizidi asilimia 10 ya chembe nyekundu, tunafikiria kumbadilishia damu.

Ukipata homa, ukaona macho ya manjano au mkojo wa rangi ya chai, nenda dharura. Tangulia kusema una selimundu, na omba damu yako itazamwe kwa hadubini siku hiyohiyo.